Punje Ndani ya Darubini: Ifunguliwe au Iachwe?

Mtu akiona kidoa cheusi ndani ya darubini ya bunduki, kwanza hufuta kioo cha mbele. Kidoa hakitoki. Hufuta cha nyuma, safari hii kwa pindo la kanga, na kidoa kiko palepale, pembeni kidogo ya msalaba wa shabaha, kimekolea, kingo zake zinahesabika. Hapo ndipo bisibisi hutafutwa, na hapo ndipo hasara huanza.

Kwa ukanda wa Kigoma tatizo hili lina msimu wake. Uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa 1 Julai, na Pori la Akiba la Moyowosi, pamoja na mabwawa yake yanayoungana na mto Malagarasi, linajulikana kwa nyati na kwa nzohe, yule swala wa majini anayepigwa picha zaidi kuliko anavyoonekana. Bunduki na darubini zilizolala sandukuni tangu mvua za Novemba hadi Aprili hutolewa Juni ili zikaguliwe. Mkaguzi huelekeza darubini kwenye mbingu nyeupe, hutazama, na ndipo hukiona. Mwenye darubini anayeishi Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ana fundi wa saa, fundi wa simu na fundi wa redio wa kumwendea kwa mguu. Fundi wa darubini hana. Kila mmoja wa hao watatu ana vidole vyepesi na bisibisi ndogo, na kila mmoja atasema kazi hiyo anaiweza.

Kabla ya kumkabidhi yeyote, yafaa kujua kidoa kimekaa wapi. Hilo linawezekana bila kufungua skrubu hata moja.

Darubini ya bunduki ni mrija wa alumini wenye makundi matatu ya lenzi. Kundi la mbele hukusanya mwanga na kujenga taswira ndani ya mrija, lakini taswira hiyo iko miguu juu kichwa chini. Kundi la katikati, lililo ndani ya mrija mwingine mwembamba unaochezeshwa na vitasa vya kurekebishia shabaha, huigeuza taswira na kuijenga upya nyuma yake. Kundi la tatu, la jichoni, ni kioo cha kukuzia tu: mtazamaji hulitumia kuitazama ile taswira iliyojengwa. Kwa hiyo kuna vituo viwili ndani ya mrija ambako taswira huwa kali, na msalaba wa shabaha umewekwa kwenye kimojawapo. Chochote kinachotua kwenye vituo hivyo huonekana kikali pamoja na msalaba, tena kimekuzwa. Chembe ya chuma ambayo jicho tupu lingeipita bila kuiona hugeuka jiwe.

Kinachotua mbali na vituo hivyo hakionekani kabisa. Asiyeamini abandike kipande cha karatasi chenye ukubwa wa punje ya mchele katikati ya lenzi ya mbele, kisha atazame mtumbwi ulioko ziwani. Mtumbwi ataukuta mzima, wavuvi wake wazima, na karatasi haitaonekana popote. Kilichopungua ni mwanga kidogo. Ndiyo maana kufuta kioo cha mbele kwa ajili ya kidoa kikali ni kazi bure: uchafu wa kioo cha mbele hauna uwezo wa kujionyesha kwa sura hiyo. Na kwa vumbi jekundu la huku kazi hiyo ina gharama. Vumbi hilo lina chembe za kwazi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati vioo vingi vya lenzi viko kwenye 5 au 6. Kanga kavu juu ya lenzi yenye vumbi ni msasa. Kwanza brashi laini au mpira wa kupulizia, kitambaa baadaye.

Vipimo vya kujua mahali pa punje ni vyepesi. Zungusha kipande cha jichoni kinachorekebisha ukali wa msalaba: kidoa kikizunguka nacho, kimo kwenye lenzi za jichoni. Kisipozunguka, na kama darubini ni ya kubadilisha ukuzaji, tuseme kutoka mara 3 hadi mara 9, zungusha pete ya ukuzaji. Kidoa kikikua pamoja na mandhari, kiko kwenye kituo cha mbele, kabla ya lenzi za katikati. Kikibaki na ukubwa uleule huku mandhari yakikua, kiko kwenye kituo cha nyuma. Mwisho, geuza darubini ichungulie chini na uigongegonge taratibu kwa kiganja. Kikihama, ni punje iliyo huru. Kisipohama, ni kitu kilichoganda, au kasoro ya kioo chenyewe iliyotoka nayo kiwandani, ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona kwa sababu hakuwahi kuitazama mbingu nyeupe kwa makini.

Aina ya msalaba nayo ina neno. Misalaba ya zamani ilikuwa ya nyaya nyembamba zilizovutwa katikati ya uwazi, na punje haina pa kukaa hapo isipokuwa juu ya waya wenyewe. Misalaba mingi ya kisasa imechongwa juu ya kipande cha kioo ili iweze kubeba alama za masafa na taa ndogo ya katikati. Kioo hicho kimekaa kwenye kituo chenyewe cha taswira, na ni sakafu nzuri ya kupokea kila kinachodondoka. Anayehama kutoka darubini ya zamani kwenda ya kisasa akaanza kuona vidoa asidhani amepunjwa.

Zinatoka wapi punje zenyewe, ikiwa mrija umefungwa? Humo humo ndani. Nyuzi za skrubu za alumini na shaba husagana kila kitasa kinapozungushwa. Rangi nyeusi ya ndani, iliyowekwa kuzuia mng'ao, hubanduka. Kisha kuna mshindo: bunduki ya .375, ambayo ni ya kawaida kwa nyati, huirusha darubini nyuma ghafla kila inapolia, na chembe iliyokuwa imejificha kwenye pembe kwa miaka hutoka na kutua katikati. Darubini inaweza kutoka kiwandani safi kabisa na kuonyesha kidoa baada ya risasi kumi za kwanza.

Swali la mwindaji ni moja: je, risasi itakwenda kombo? Haitakwenda. Risasi hufuata mahali msalaba ulipo, na punje haiusogezi msalaba. Inachofanya ni kuudhi jicho, na pengine kuziba ncha ya pembe kwa mbali. Hali ni nyingine endapo vidoa vinaongezeka kila wiki na shabaha nayo inahama. Hapo punje ni dalili tu. Kuna kitu kinachosagika ndani, huenda mrija wa katikati umelegea, na darubini inahitaji fundi hata kama punje zote zingetoweka usiku mmoja.

Watumiaji wa darubini za macho mawili wamevumilia mengi zaidi ya haya. Jane Goodall alipofika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, Julai 1960, vifaa vyake vikuu vilikuwa daftari na darubini, na miezi michache baadaye alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kwa kijiti. Darubini nyingi za wakati ule hazikufungwa dhidi ya hewa. Ukizungusha gurudumu la katikati, vipande vya jichoni huingia na kutoka, na kila safari huvuta hewa ya nje pamoja na vumbi na mvuke wake. Lakini ndani ya darubini hizo hakuna msalaba, na nyuso nyingi za vioo ziko mbali na kituo cha taswira, basi uchafu huishia kuwa ukungu hafifu wa jumla usiomkera mtu mpaka umekuwa mwingi. Darubini ya bunduki imefungwa vizuri zaidi, ila punje yake inaonekana haraka zaidi.

Ziwa Tanganyika lina kisa cha mtu aliyeamua kuchokonoa. Februari 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji, na mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa kwenda kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja wa dhoruba katika kisiwa cha Kivira aliwasha mshumaa hemani, wadudu wakavamia, na mmoja akaingia sikioni akaanza kuchimba. Speke alijaribu siagi iliyoyeyushwa. Iliposhindikana alichukua kisu kidogo cha mfukoni. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa, likavimba na kutunga usaha, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta kwa miezi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba sikio lilitoboka hata akipenga kamasi linapiga mluzi. Kilichomdhuru zaidi ni kile kisu.

Na darubini ikifunguliwa mezani Buzebazeba, inadhurika namna gani? Hesabu yake inafanyika kwa dakika tano.

Tuseme ni siku ya mvua, joto nyuzi 25 na unyevu asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba gramu 18 hivi za mvuke wa maji, na huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 21. Mrija wenye kipenyo cha milimita 30 na urefu wa sentimita 30 una nafasi ya takriban sehemu moja ya tano ya lita. Fundi anafungua, anapuliza punje, anafunga, anakaza. Amefungia humo karibu miligramu 4 za mvuke. Darubini inapanda gari kwenda Kasulu na Kibondo, mamia ya mita juu ya usawa wa ziwa, kisha porini, ambako alfajiri inaweza kuwa nyuzi 16. Hewa ya nyuzi 16 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13.6 kwa mita ya ujazo. Karibu miligramu 1 ya maji inabaki haina pa kukaa, nayo hukaa juu ya sehemu ya kwanza kupoa, yaani kwenye lenzi, upande wa ndani ambako hakuna kitambaa kitakachofika. Miligramu 1 ikitandazwa kwenye lenzi inatosha kuficha nyati mzima. Jua likipanda ukungu hupotea. Kesho alfajiri hurudi.

Viwanda hukwepa hesabu hiyo kwa kuitoa hewa yote na kuweka gesi kavu, nitrojeni au agoni. Kampuni ya Leupold ya Oregon, Marekani, iliyotoa darubini yake ya Plainsman mwaka 1947, ndiyo inayotajwa kama mwanzilishi wa kujaza nitrojeni. Inasimuliwa kwamba Marcus Leupold alimkosa paa kwa sababu darubini yake ilipata ukungu ndani, akaapa kutengeneza iliyo bora. Nitrojeni haina uchawi wowote. Kilicho muhimu ni kwamba ni kavu. Gesi hiyo hushikiliwa humo na oringi chache za mpira zilizopakwa grisi, na oringi iliyokwishafunguliwa bila kupakwa upya haina dhamana.

Grisi si jambo geni Kigoma. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen tarehe 26 Julai 1916, wahandisi walizipaka injini grisi nzito kwanza, na meli ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ndani ya darubini, hata hivyo, grisi ina tabia ya kutembea. Ikipakwa nyingi, joto la gari lililoegeshwa juani huilainisha, ikatambaa mpaka kwenye kioo na kuacha matone yenye kung'aa. Vidoa hivyo ni vibaya kuliko punje, kwa kuwa havigongwi vikahama. Fundi wa kweli huipaka kidogo sana, na huchagua aina isiyotoa mvuke.

Kuvu ni adui wa polepole. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, na unyevu ukizidi asilimia 70 kwa muda mrefu huota hata juu ya kioo, zikila vumbi, alama za vidole na mabaki ya gundi. Huonekana kama nyuzi zinazotawanyika kutoka pembeni, na asidi zake hula utando wa lenzi. Ukishasafisha kuvu, alama hubaki. Jeshi la Australia lililipia somo hili huko New Guinea wakati wa Vita Kuu ya Pili, darubini na vifaa vya kupimia masafa vilipopofuka ndani ya wiki chache. Wanasayansi wa Melbourne, akiwamo J. S. Turner, walipambana na tatizo hilo kwa kuweka dawa ya kuua kuvu ndani ya vifaa vyenyewe, na walichapisha matokeo yao mwaka 1946.

Wataalamu wa maabara katika nchi za joto wana njia nafuu zaidi, inayopendekezwa kwa hadubini za kupimia malaria: kabati dogo lenye balbu inayowaka ndani. Joto la balbu hushusha unyevu wa hewa ya kabatini, na kuvu hukosa mazingira. Lakini iwe balbu ya zamani yenye waya; za LED zinazouzwa sasa hazitoi joto la kutosha. Nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara inaweza kutumia silika jeli ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, ile inayobadilika rangi ikishiba maji, na ambayo hukaushwa tena kwa kupashwa joto kiasi. Mchele hausaidii. Unanyonya unyevu kidogo mno, na unga wake ni punje mpya. Mkoba wa ngozi, ambao wengi huuona ndiyo heshima ya darubini, ni chakula cha kuvu; darubini isafiri nao, isilale ndani yake miezi sita ya mvua.

Karakana yenye vifaa huifanyaje kazi hiyo? Chumba hupulizwa hewa iliyochujwa, na meza hutandikwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Fundi hufungua upande ule tu ambao vipimo vimeonyesha, kwa spana ya meno mawili inayoingia kwenye vijishimo vya pete ya lenzi. Bisibisi iliyolazimishwa hapo huteleza na kuchora kioo. Taa kali huwekwa ubavuni, maana punje huonekana ikimulikwa kwa pembeni kuliko kwa mbele. Hutolewa kwa pumzi ya mpira au kwa ncha ya brashi ya nywele chache. Upepo wa kompresa ya pancha haufai hata kwa dharura, kwani hubeba mafuta na maji ya tangi, na nguvu yake inaweza kung'oa waya wa msalaba. Oringi hubadilishwa. Hewa hunyonywa kwa pampu, nitrojeni huingizwa, hunyonywa tena, huingizwa tena. Kisha darubini huzamishwa kwenye maji ya moto kiasi: gesi ya ndani hutanuka, na povu likitoka popote kazi inarudi mwanzo.

Sehemu ngumu kuliko zote haionekani kwenye maelezo hayo. Anayetoa punje moja anaweza kuingiza tatu, na hatazijua mpaka amefunga kila kitu na kutazama. Mafundi wa kiwandani nao hurudia. Ndiyo sababu waundaji wengi husema wazi kwamba darubini iliyofunguliwa na mtu mwingine imepoteza dhamana yake.

Kwa mwenye darubini wa Buzebazeba, basi, kazi inayobaki ni ya kuamua. Punje moja, shabaha ikiwa imara, iachwe; ikiwa ni huru, igongwegongwe kwa kiganja mpaka ikimbilie pembeni ya duara, na msimu uendelee. Ukungu wa ndani, nyuzi za kuvu au shabaha inayohama ni sababu za kuipeleka kwa muundaji au wakala wake, hata kama safari yenyewe ni treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam na kifurushi kutoka hapo. Darubini ivuliwe kwanza na isafiri peke yake, bunduki ibaki kabatini chini ya kufuli, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 haichezi na silaha inayozurura. Kabla ya kuvua, mwenyewe aandike namba za vitasa vyote viwili na atie alama ya penseli mahali pete za kushikilia zilipokaa.

Ikirudi, hata namba zikiwa zilezile, bunduki haiendi porini siku hiyo. Pete hukazwa kwa zamu, skrubu moja robo mzunguko, kisha ya upande wa pili, ili mrija usibanwe ukajipinda. Risasi ya kwanza hupigwa kwenye karatasi kubwa umbali wa mita 25, ambako hata shabaha iliyohama sana bado itagusa karatasi, na marekebisho hufanywa hapo kabla ya kurudi nyuma hadi mita 100 na kupiga tatu mfululizo.